Tulivuka Wote

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na ugonjwa wa mume wangu umeanza nayo. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Tone la kwanza likigonga bati, baba watoto anakwenda kabatini, anatoa koti la kijivu linalonuka dawa ya nondo, anabandika beji kifuani, na kuanzia hapo si baba watoto tena. Ni Katibu. Katibu wa Chama cha Wapenzi wa Historia. Mimi nami ninakuwa mke wa Katibu, yaani fundi cherehani wa bure. Naandika humu kwa sababu nikiyasema kwa sauti tutagombana, na bado ni mapema.

Mkutano wao wa mwaka unafanyika mwezi wa tano, mvua zikikaribia kukatika. Wanakumbuka Kuvuka. Zamani mji wote ulikuwa kule chini, kando ya mto. Mto ukafurika, watu wakashika kamba moja wakavuka mpaka huku juu, na huku ndiko tunakoishi hadi leo. Hiyo ndiyo historia yenyewe, imekwisha, mtu angeweza kuisimulia akingoja chai ipoe. Wao wanaifanyia mkutano. Wakikutana, mmoja anasema "Tulivuka!" na mwenzake anajibu "Wote!" Ukiwatazama, karibu wote walikuwa hawajazaliwa. Walivuka wapi?

Mwaka huu wameongeza jiwe. Litasimama mbele ya ukumbi, limechongwa maneno hayo: TULIVUKA WOTE. Mkutano ndio utakaolipitisha.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti kaleta vitambaa. Ni mstaafu wa benki, ana tabia ya kulamba kidole kabla ya kugusa kitu chochote. Kalamba, kashika kitambaa changu. Kalamba, kashika mkasi wangu. Vitambaa vyenyewe ni vipya, vizuri, ningeweza kuvishonea watoto sare mpaka wamalize shule. Anataka nivishone nguo, kisha nizichane, nizitie viraka, nizichemshe kwa majani ya chai zionekane za watu waliotoka mafurikoni.

"Zichakae vizuri, shemeji," aliniambia. "Mtu akiziona asikie uchungu."

Nimezisikia uchungu tayari.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mama kabakiza chakula tena. Sisimizi mpaka kwenye pazia.

Jumatatu, 10 Machi

Mama ni mama mkwe wangu. Anakaa chumba cha nyuma, miguu haimbebi sana lakini ulimi bado unafanya kazi. Sina ugomvi naye ila huu mmoja. Kila chakula, mvua ikinyesha, anatenga fungu. Anakula kwa upande mmoja wa sahani kwa adabu kabisa, upande wa pili hagusi. Akimaliza anahamishia fungu hilo kwenye kibakuli, anafunika kwa kisahani, anaweka dirishani. Asubuhi ninakuta uvundo, nzi na ule msafara wa sisimizi. Wakati wa kiangazi hafanyi hivyo.

Leo nilikuta mende. Nikamwambia, "Mama, chakula kinaoza hiki, kitatuletea maradhi."

"Kiache, mwanangu. Mwenyewe atakuja."

"Mwenyewe nani?"

Akageukia ukuta. Nikakimwaga nikiwa nimebana pua. Uzee unachosha, na anayechoka siyo mzee peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetapika kwa hasira leo. Sizidishi, nilitapika.

Fundi saa wa pale sokoni alifariki mwaka jana, na chama kimegundua kwamba kwa kifo chake, aliyebaki duniani miongoni mwa waliovuka ni mmoja tu. Mama. Mama huyu huyu wa chumba cha nyuma, ambaye hawajamletea hata kipande cha sabuni. Leo Mwenyekiti kaja na pakiti ya biskuti, pamoja na mwenzake wanayemwita Profesa, ambaye chuo kikuu alikwenda mara moja kupeleka viti vya kukodi. Wakaingia chumbani bila kubisha hodi ya maana. Mwenyekiti akalamba kidole, akamshika Mama kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga kama mtu anayechagua papai.

"Yuko katika hali nzuri," akasema. Akamwambia Profesa, si Mama.

Baba watoto amesimama pembeni anatabasamu, koti limefungwa vifungo vyote.

Ndipo wakamuuliza. "Mama, hebu tuambie, siku ile mlivukaje?"

Mama akavuta kanga akakaa vizuri. Kwa miaka yote niliyoolewa humu sijawahi kumsikia mtu akimuuliza swali hilo. Akasema, "Nilimshika mkono mdogo wangu. Chiriku, tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa hanyamazi. Hata majini alikuwa anaongea. Mkono huu nimeshika kamba, huu nimemshika yeye. Nilipofika ng'ambo huu wa kamba ulikuwa na kamba. Huu mwingine haukuwa na kitu."

 Profesa alikuwa na kalamu mkononi na hakuandika neno. Mwenyekiti akacheka kidogo, akampapasa Mama bega.

"Umri, umri," akasema. "Mama, baba yangu mzazi ndiye aliyeshika kamba upande wa huku. Alihesabu watu mmoja mmoja. Hakupungua hata mmoja. Iko kwenye kijitabu cha chama."

"Baba yako alihesabu wenye nyumba," Mama akajibu. "Aliita: Fulani na watu wako! Fulani akaitika: Tupo! Sisi watoto wa kike nani alituhesabu?"

Mimi nilimtazama mume wangu. Nilitegemea nini, sijui. Yeye alimtazama Mwenyekiti.

"Usijali, Mwenyekiti," akasema. "Bado siku zipo. Nitamfanyisha mazoezi."

Mazoezi! Nikatoka nje nikainama kwenye mfereji.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nikimwogesha Mama nilimuuliza mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake, nasugua mgongo, na nadhani ilikuwa rahisi kwake kwa kuwa hanioni.

Siku ile chakula kilikuwa jikoni, kimeshaiva. Chiriku alikuwa na njaa, analia. Mama, ambaye naye alikuwa mtoto tu, akamwambia, "Nyamaza, tukivuka utakula." Wakaondoka. Basi.

"Sasa akija akakuta nimemaliza, nitamwambia nini?" akaniuliza.

Nilimmiminia maji kichwani ili nisijibu. Nimemwaga vibakuli vingapi, mimi? Na nilikuwa nabana pua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Kibakuli kiko dirishani. Sikumwaga, nimezungushia majivu kuzuia sisimizi.

Jumamosi, 29 Machi

Mazoezi ni kila siku alasiri. Katibu anaingia na kiti, na simu ya kurekodia, na biskuti za Mwenyekiti. Chumba chetu cha kushonea kimepakana na cha Mama, ukuta ni mwembamba, nikiacha kukanyaga cherehani nasikia kila kitu.

"Nilimshika mkono mdogo wangu..."

"Hapana, Mama. Anza tena. Nilikuwa mtoto mdogo, maji yakaja."

"Nilikuwa mtoto mdogo, maji yakaja, nikamshika mkono..."

"Hapana. Tukashika kamba."

"Tukashika kamba. Huu mkono wa kamba, na huu..."

"Mama! Anza tena."

Nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie. Nimeshona mguu wa suruali ukaziba. Huyu mwanamume anapenda historia kuliko chakula, historia ikamfuata mpaka nyumbani, ikakaa kitandani mbele yake ikafumbua kinywa, naye anaiambia hapana, anza tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemkabili. Nilingoja avue koti, maana na koti hazungumziki.

"Baba watoto, unamfanya nini mama yako?"

"Namsaidia akumbuke."

"Anakumbuka. Wewe ndiye unamsahaulisha."

Akaniambia kumbukumbu ya mtoto siyo historia. Akaniambia kijitabu kimeandikwa na mtu mzima aliyekuwepo. Nikamuuliza, basi huyo mtoto Mama kamtoa wapi, kamuokota? "Maisha yako yote hujawahi kusikia kwamba una mama mdogo?"

Alikunja soksi. Kisha akasema, "Utotoni mvua ikinyesha alikuwa ananiambia nisile upande wa pili wa sahani. Fungu la mama mdogo."

Kwa hiyo anajua! Mpaka dakika ile nilidhani nimeolewa na mjinga, na mjinga anavumilika.

"Unajua, na bado?"

"Mwenyekiti anaondoka mwakani," akasema. "Amenitajia mwenyewe nani atafuata. Unataka nisimame pale niseme baba yake alihesabu vibaya? Na jiwe limeshaagizwa?"

Nilikwenda kulala na watoto.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Majani ya chai yamekwisha, nguo bado nyeupe.

Jumanne, 15 Aprili

Nimegundua jambo linalonichukiza kuliko mengine yote, nalo halina wa kumlaumu isipokuwa yule yule.

Leo Mama aliniuliza tangu asubuhi, "Mwanangu atakuja leo?" Nikamfungulia dirisha, akauliza. Nikampa uji, akauliza. Anataka nimchane nywele kabla ya alasiri. Ana furaha. Miaka yote mwanawe alikuwa anasimama mlangoni, "Umeamkaje Mama," huyo kaenda. Sasa anaingia, anavuta kiti, anakaa, anamtazama usoni, anasikiliza kila neno. Mama hajali kwamba anasikiliza ili akosoe. Anajali kile kiti.

Alasiri nikasikia amesema yote, mfululizo, bila kukwama: maji yakaja, tukashika kamba, mzee wetu akatuhesabu, hakupungua hata mmoja, tulivuka wote.  Kisha karatasi ya biskuti ikakwaruza.

Alimpa biskuti. Mama yake mzazi. Akisema vizuri anapewa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa. Kibakuli kiko dirishani, nashukuru.

Jumatano, 30 Aprili

Nilimuuliza Mama bafuni, "Na Chiriku?" Akafikiri muda mrefu, sabuni inamtiririka. "Alikuwa anaongea sana," akasema. Hakuendelea.

Jumatatu, 12 Mei

Nguo tayari. Nimeshona pia mto: kitambaa cha buluu kitakachotandazwa sakafuni ukumbini, urefu wa ukumbi mzima. Katibu kaupima kwa hatua akasema umepinda. Nikamwambia mito yote imepinda.

Jumamosi, 17 Mei

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Ukumbi ulikuwa unanuka miamvuli mibichi na soksi. Mezani vikombe vya chai, ndani yake biskuti zimelowa zikawa tope, na mtu analikoroga tope hilo kwa kidole huku anazungumzia mababu. Wanachama wamevaa nguo zangu. Wanaume wenye vitambi vya heshima, saa za dhahabu mkononi, wamevaa viraka vya majani ya chai, wanapigana picha wakikunja nyuso ziwe za huzuni. "Tulivuka!" "Wote!" Kila anayeingia. "Wote! Wote!" Kichwa kiliniuma kabla hata hawajaanza.

Kisha wakavuka. Kamba ikakazwa juu ya kitambaa cha buluu, wakapita wakiyumba na kuguna, mmoja akajifanya anazama, wenzake wakamvuta wakacheka mpaka akapoteza kiatu. Mwenyekiti, amevaa kofia ya marehemu baba yake, alisimama mwisho wa kamba, anawagusa vichwa kwa kidole kilicholowa mate na kuhesabu kwa sauti. Nilikuwa natazama mkono wa kila anayepita. Hakuna aliyemshika mtu.

Mama alikaa mbele kwenye kiti kilichofunikwa shuka jeupe. Nilikuwa nimemchana nywele. Walipomwita jina la heshima walilomtungia, Mvukaji wa Mwisho, baba watoto akainua simu amrekodi, na simu ikakataa. Imejaa. Nilikuwa nyuma yake, niliona kila kitu. Akafungua zile rekodi za alasiri, zote za tangu mwezi wa tatu, mle ambamo mama yake anasema nilimshika mkono mdogo wangu, nilimshika mkono mdogo wangu. Akazifuta kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Alihitaji nafasi.

Mama akasema maneno yake. Hakukosea hata moja. Aliyasema huku amemkazia macho mwanawe, na alipomaliza alinyoosha kiganja, wazi, mapajani. Ukumbi ukaona ni baraka, ukasimama ukapiga makofi. Mimi nilijua anasubiri biskuti.

Ndipo likaja jiwe. Mwenyekiti akasoma maneno, akauliza kama kuna mwenye neno, kwa sauti ya mtu anayekunja karatasi zake. Nikasimama. 

Nikasema, "Hawakuvuka wote. Mama mkwe wangu alikuwa na mdogo wake, akiitwa Chiriku, mto ulimchukua mkononi mwake. Mzee aliyehesabu aliita wenye nyumba, watoto hakuwaita. Huenda hakukusudia. Lakini msichonge uongo kwenye jiwe. Karatasi inaoza, jiwe haliozi."

Mtu alicheka. Mwingine akasema, "Fundi, umetushonea nguo, usitushonee na historia." Wakacheka wote, hata wale ninaowajua vipimo vya viuno vyao.

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia kinyaa zaidi. "Shemeji yetu anasema kwa uchungu, tumheshimu. Una ushahidi gani, shemeji?"

Nikamtazama mume wangu. Simu mkononi. Sikusema kitu kuhusu simu, maana kilichofutwa hakionyeshwi. Nikasema, "Muulizeni mwenyewe. Si huyo hapo?"

Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya kiti cheupe. Akamshika Mama mikono miwili. "Mama. Siku ile, kuna mtu mlimwacha majini?"

Mama akanitazama mimi. Nina hakika alinitazama, na mdomo ulifunguka. Kisha akamtafuta mwanawe, akamwona, mwanawe akatikisa kichwa kidogo sana, vile anavyofanya alasiri neno likitaka kupotea.

"Tulivuka," Mama akasema.

"Wote!" ukumbi ukajibu.

Nikakaa. Jiwe likapita.

Jumapili, 18 Mei

Mvua ya manyunyu. Mama amekula chakula chote. Pande zote mbili. Amefuta sahani kwa kidole ikabaki nyeupe, na kibakuli kimekaa kabatini kikavu.

"Unaona?" baba watoto akaniambia, ameegemea mlango, koti bado mwilini. Leo watu wamempigia simu tangu asubuhi kumpongeza. "Mkutano umempa hamu ya kula. Wewe ulikuwa unasema tunamtesa."

 Nilichuchumaa mbele ya Mama nikamuuliza taratibu, "Mama, leo hukumwekea Chiriku?"

"Nimwekee kwa nini?" Sauti yake ilikuwa kali, sijawahi kuisikia kwake. "Alivuka. Tulivuka wote. Hakupungua hata mmoja."

"Ndiyo, Mama."

"Basi kama alivuka, mbona haji kunisalimu? Miaka yote hii! Mtu na dada yake, mji mmoja. Nimezaa, hakuja. Nimefiwa na mume, hakuja. Nilimkosea nini?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Nimemwekea chakula mpaka nimezeeka. Asiyenijali simwekei tena."

Mimi nilikuwa nimeshika magoti yake. Nilidhani wamemwibia msiba tu. Kumbe wamemwachia mdogo wake aliye hai, asiyemtaka.

Kisha akainua macho mlangoni.

"Mwanangu, wewe ndiye Katibu. Wewe ndiye unayejua waliovuka wote. Niambie, anakaa wapi?"

Baba watoto alinitazama. Miaka yote anapokwama ni mimi ninayedakia: Mama amechoka, Mama alale, Mama tutaongea kesho. Aliningoja nidakie. Nilinyamaza. Nilitaka nione mpenzi wa historia akijibu swali moja la historia.

Akavua beji, akaishika mkononi, akaigeuza. "Nitaulizia, Mama," akasema.

"Uliza haraka. Umri umekwenda."

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekatika. Jiwe limeshushwa mbele ya ukumbi, limefunikwa turubai. Mama amemuuliza tena, asubuhi na alasiri. Asubuhi alijibu bado anatafuta. Alasiri hakuingia chumbani, na kile kiti amekirudisha sebuleni.

Nimepika wali. Nimepakua wa watoto, wa Mama, wangu. Kisha nimechukua kibakuli, nikatenga fungu, nikafunika kwa kisahani, nikaweka dirishani kwangu, karibu na cherehani. Sisimizi wamekwisha fika. Sikuweka majivu.